Mwezi wa Sifuri

Miongoni mwa miji niliyopata kukaa, sikuona hata mmoja uliofungamana na masharti kama Brussels. Sisemi hayo kwa kulalamika, maana nimekula riziki yangu huko kwa ukalimani, na mkalimani asiyeyapenda masharti afadhali atafute kazi nyingine. Katiba ya Ubelgiji, katika ibara yake ya 4, imeigawa nchi katika maeneo manne ya lugha, na Brussels ndilo eneo la pekee lenye lugha mbili rasmi. Kisha ikasema kwamba mipaka ya maeneo hayo haibadilishwi ila kwa sheria iliyopata wingi wa kura katika kila kundi la lugha la kila baraza la Bunge, na wengi wa wajumbe wa kila kundi wawe wamehudhuria, na jumla ya kura za ndiyo za makundi yote mawili ifike theluthi mbili ya kura zilizopigwa. Mara ya kwanza nilipoisoma ibara hiyo niliirudia kwa raha, jinsi watu wengine warudiavyo beti za shairi, kwa kuwa ndani yake kila neno "na" lina nguvu ya kuangusha yote yaliyolitangulia. Kura zaweza kuwa nyingi mno, theluthi mbili ikapitwa mbali, na hata hivyo, ikiwa kundi moja limekosa wingi wake, sheria haikupita.

Sikujua wakati huo ya kuwa nimesoma somo la kompyuta. Nililijua baadaye, nilipoombwa kukalimani katika darasa la jioni la kuwafunza watu wazima kuandika programu, Ixelles, humo humo Brussels, karibu na Matonge, mtaa ule wa Wakongo ulio kando ya Porte de Namur, ambako tangu tarehe 30 Juni 2018 pana uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba. Mwalimu alikuwa Mbelgiji msema Kifaransa, mtu mwenye subira na koti lililochakaa viwikoni. Wanafunzi wengi walikielewa Kifaransa, lakini walikuwapo vijana waliokulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambao Kiswahili chao kilikuwa kizuri kuliko changu na Kifaransa chao kilikuwa bado kinatambaa. Na alikuwapo Mama mmoja wa Uvira, mtu wa makamo, aliyesema kwamba amekuja kujua wanawe wanafanya nini usiku kucha mbele ya kioo. Kwa ajili ya hao niliketi ubavuni mwa mwalimu nikisema kwa Kiswahili aliyoyasema yeye kwa lugha yake, na kwa njia hiyo, bila kujiandikisha wala kulipa ada, nikawa mwanafunzi.

Mwanzo wa mafunzo hayo ni mwepesi. Kompyuta huamriwa kuchapa salamu, ikachapa. Huambiwa ijumlishe, ikajumlisha. Mtihani huanza pale inapotakiwa kuchagua, yaani pale mwandishi wa programu anaposema: kama jambo fulani ni kweli, tenda hili, vinginevyo, tenda lile. Hapo ndipo nilipoona watu wakikunja uso, na wengine Jumamosi iliyofuata hawakurudi. Nami nilishangaa, kwani kwangu jambo hilo halikuwa geni hata kidogo. Nilikuwa nimelijua Unguja, tena kabla sijapata kuona kompyuta, kwa ami yangu, aliyekuwa na elimu ya mirathi na akiendewa na majirani kila palipotokea msiba na mali ya kugawa.

Elimu ya mirathi, kwa asiyeijua, ni masharti matupu. Mume aliyefiwa na mkewe hupata nusu iwapo marehemu hakuacha mtoto, na robo iwapo ameacha. Mke aliyefiwa na mumewe hupata robo katika hali ile ya kwanza na thumni katika hali ya pili. Mama wa marehemu ana mambo zaidi: ikiwa marehemu ameacha mtoto, au ameacha ndugu wawili au zaidi, fungu la mama ni sudusi, vinginevyo ni thuluthi. Ami alikuwa akituuliza sisi watoto maswali hayo baada ya chakula cha usiku, akiwaua na kuwafufua jamaa wa kubuni kwa wepesi uliomchukiza bibi yetu, na swali alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mwanamke aliyefariki akaacha mume, mama na baba. Mtoto mwepesi wa ulimi angejibu papo hapo: mume nusu, mama thuluthi, na sudusi iliyobaki ni ya baba. Ami angetabasamu na kusema hapana. Katika sura hiyo hasa, kwa hukumu inayonasibishwa na Khalifa Umar, mama hupata thuluthi ya kilichobaki baada ya fungu la mume, wala si thuluthi ya mali yote, na baba huchukua kinachosalia. Basi sura hii mahususi sharti iulizwe kwanza, kabla ya kanuni ya jumla, kwani ukianza na kanuni ya jumla utakuwa umekwisha kugawa na hutaifikia tena.

Mwalimu wetu wa Ixelles alipofika kwenye masharti yanayofuatana, akasema kwamba kompyuta huyapima kutoka juu kwenda chini, na ikipata la kwanza lililo kweli hulitenda na kuyaacha yote yaliyo chini yake, nilijikuta nimetangulia kuieleza habari hiyo kwa Kiswahili kabla hajaimaliza, na kwa mfano wa mume, mama na baba. Mwalimu aliniuliza nimesema nini kirefu hivyo. Nilipomweleza, aliniambia kwamba al-Khwarizmi wa Baghdad, yule wa karne ya tisa ambaye hesabu za aljebra humrudia yeye, aliweka katika kitabu chake sehemu kubwa ya masuala ya wasia na mirathi. Sikuwa na habari hiyo. Nilimtafsiria Mama wa Uvira, naye, akiwa Mkristo, hakuona ajabu yoyote: mali ya marehemu, alisema, ndiyo iwafanyayo watu wajue hesabu.

Zoezi kubwa la kwanza mwalimu alilichota katika maisha ya waliokuwapo. Ubelgiji, kwa sheria ya tarehe 19 Machi 2004, iliwapa wageni wasio wa nchi za Umoja wa Ulaya haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa manispaa, na wakaitumia mara ya kwanza Oktoba 2006. Lakini ni haki yenye kufuli kadhaa. Mgeni wa namna hiyo sharti awe na umri wa miaka 18, na awe amekaa nchini kihalali miaka mitano mfululizo, na aombe kuandikishwa, na atie sahihi kiapo cha kuiheshimu katiba, sheria za nchi na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Raia wa Umoja wa Ulaya yeye hadaiwi miaka mitano wala kiapo, ila hana budi kujiandikisha. Mbelgiji hana la kuomba. Kwake, katika Brussels, kupiga kura ni wajibu. Tukaambiwa tuandike programu yenye kujibu swali moja tu: huyu ana kura au hana?

Kwanza tuliandika ubaoni kwa Kiswahili, na ubao ule ulinifunza mengi. Mtu mmoja aliandika: umri usiopungua 18 na Mbelgiji au mgeni aliyeandikishwa. Kwa sikio la binadamu sentensi hiyo ni safi. Kompyuta, kwa kawaida ya lugha zake nyingi, hufunga "na" kabla ya "au", kama vile hesabu izidishavyo kabla ya kujumlisha. Kwa hiyo ilisoma kwamba mwenye kura ni Mbelgiji mwenye miaka 18, au mgeni yeyote aliyeandikishwa, hata akiwa na miaka mitatu. Mabano mawili yaliondoa watoto hao katika daftari la wapiga kura. Mwingine aliandika kwamba umri uzidi 18, na kwa alama hiyo moja akawanyima kura wote waliokuwa na miaka 18 kamili. Wa tatu, akitaka kuwatenga wanaodaiwa kiapo, aliandika: kama uraia si wa Ubelgiji au uraia si wa Ufaransa, mdai kiapo, na programu ikamdai kiapo kila mtu duniani, Wabelgiji na Wafaransa pamoja nao, kwani hakuna Mbelgiji asiyekuwa "si Mfaransa". Kukanusha "au" hugeuza "au" ikawa "na", na kukanusha "na" huigeuza ikawa "au": kanuni hii hunasibishwa na Augustus De Morgan, Mwingereza aliyezaliwa Madurai, Bara Hindi, mwaka 1806. Nimewasikia watu wazima wakiibishia kanuni hiyo kwa nusu saa, kisha wakaikubali kwa unyonge, kama waliolipa deni.

Kuhusu asili ya elimu hii nitasema kwa ufupi, maana vitabu vimejaa. George Boole, mwana wa fundi viatu wa Lincoln, ambaye hakusoma chuo kikuu lakini alikuja kuwa profesa katika chuo cha Cork, Ireland, alionyesha katika vitabu vyake vya 1847 na 1854 kwamba kauli zaweza kufanyiwa hesabu, kweli ikiwa 1 na uongo ukiwa 0. Miaka zaidi ya themanini ikapita kabla ya kijana wa Kimarekani, Claude Shannon, kuonyesha katika tasnifu yake ya 1937 kwamba swichi za umeme zilizo wazi au zilizofungwa hufuata hesabu hiyo hiyo. Kinachonigusa katika habari hizo ni kwamba Boole alidhani anaandika juu ya akili ya mwanadamu, na walionufaika zaidi wakawa mafundi wa umeme.

Jambo la Schaerbeek ndilo lililolitia darasa letu moto. Schaerbeek ni mojawapo ya manispaa 19 za mji mkuu wa Brussels. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003 watu wa huko walipiga kura kwa kompyuta na kadi za sumaku, na matokeo yalipojumlishwa, mgombea mmoja wa chama kidogo alionekana amepata kura nyingi kuliko inavyowezekana. Ni muhali kwa sababu hii: katika Ubelgiji mpiga kura huchagua orodha moja ya chama, na akipenda huweka alama kwa mgombea mmoja au zaidi wa orodha hiyo hiyo, kwa hiyo mgombea hawezi kupata kura nyingi kuliko orodha yake. Zilipohesabiwa upya, ziada ilikuwa kura 4096 barabara. Mwenye kujua namna kompyuta inavyohifadhi namba ataisoma namba hiyo mara moja, kwani 4096 ni mbili iliyozidishwa kwa mbili hata ikatimia mara kumi na mbili: ni biti moja, ya kumi na tatu kutoka kulia, iliyokuwa sifuri ikawa moja. Wataalamu waliopewa kazi ya kuchunguza hawakuona kosa katika programu, wakahitimisha kwamba biti hiyo iligeuka yenyewe. Wako wasemao kwamba ilipigwa na chembe iliyotoka mbinguni, jambo linalotokea kweli katika kompyuta, ijapokuwa kwa ile ya Schaerbeek hakuna aliyeishuhudia chembe hiyo.

Kijana mmoja wa Nyarugusu, mrefu, mkimya, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akija kwa kufuata rafiki zake, aliniomba nimuulize mwalimu swali: je, ziada ingekuwa ndogo, biti ya tatu badala ya ya kumi na tatu, nani angejua? Mwalimu alijibu kwamba kura 4 zaidi zisingemshtua mtu. Basi, akasema kijana, yampasa mwandishi wa programu asiamini kitu chochote asichokipima. Mwalimu alifurahi mno, nami vilevile, na kwa majuma kadhaa kijana huyo aliandika masharti ya ulinzi katika kila mlango: umri usipungue sifuri, umri usizidi 120, jina lisiwe tupu. Programu zake zikawa ndefu, kali, zenye kukataa.

Ndipo likaja zoezi la nambari ya taifa. Kila mkazi aliyeandikwa katika rejista ya taifa, iliyowekwa kwa sheria ya tarehe 8 Agosti 1983, ana nambari yenye tarakimu 11. Sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tatu zinazofuata ni za mfuatano, witiri kwa wanaume na shufwa kwa wanawake. Mbili za mwisho ni za ukaguzi. Ukizichukua tisa za mwanzo, ukazigawa kwa 97, kisha ukatoa baki yake katika 97, sharti upate zile mbili za mwisho. Kwa waliozaliwa tangu mwaka 2000 huwekwa tarakimu 2 mbele ya zile tisa kabla ya kugawa. Na kwa kuwa mwaka umeandikwa kwa tarakimu mbili tu, programu haijui kwa kutazama kama huyu ni mzee wa 1910 au mtoto wa 2010, hivyo hujaribu hesabu zote mbili, na ikipata kweli katika moja au nyingine huikubali nambari. Ni zoezi zuri mno kwa mwanafunzi, na kila aliyekuwapo alikuwa na kitu cha kulijaribia mfukoni mwake.

Programu ya kijana ndiyo iliyosifiwa. Kabla ya kugawa kwa 97 ilipima kwamba mwezi uko baina ya 1 na 12 na siku iko baina ya 1 na 31, na nambari yoyote iliyotoka nje ya mipaka hiyo iliambiwa haipo. Wanafunzi walipita mmoja mmoja wakaandika nambari zao, wakakubaliwa, wakacheka. Mama wa Uvira alipoandika yake, akabonyeza, kompyuta ikamjibu kwamba nambari hiyo si ya mtu. Akaandika tena, polepole, akitazama kadi. Jibu likawa lile lile.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "sasa mimi sikuzaliwa?"

Kadi yake ilikuwa halali bila shaka yoyote. Nambari ilikuwa na mwaka, na baada ya mwaka sifuri mbili, na baada yake sifuri mbili nyingine: mwezi wa sifuri, siku ya sifuri. Nilizijua sifuri hizo, maana nimezisoma katika makaratasi ya watu wengi niliowakalimania, kutoka Kivu, kutoka Burundi, kutoka Somalia, kwa kuwa pale wasipojua tarehe ya mtu wala hakuna cheti, huo ndio uandishi wa rejista. Alizaliwa msimu wa maharage, Mama alieleza, mwaka wa mafuriko ya Mto Ruzizi, na karani wa kwanza aliyemwuliza tarehe alitaka jibu kwa haraka. Mwalimu aliongeza lililotushangaza zaidi: wako watu wasioandikwa katika rejista ya taifa lakini wana shughuli na hifadhi ya jamii, mathalan wafanyakazi wakaao ng'ambo ya mpaka, nao hupewa nambari ya namna nyingine, ambamo mwezi huongezwa 20 au 40. Katika Ubelgiji, basi, yuko mtu halali aliyezaliwa mwezi wa 47.

Kijana hakusema neno kwa kitambo. Alikuwa ameliandika sharti lake kwa insafu kabisa, akiwa na nia ya kuzuia chembe za mbinguni, na sharti likamzuia mama mtu mzima aliyeketi kando yake. Nilimtazama Mama nikidhani ameudhika. Lakini alikuwa akisoma mistari kwenye kioo kwa mara ya kwanza kwa shauku halisi, akauliza ni mstari gani hasa unaomkataa. Alipoonyeshwa, akauliza tena: na mstari unaosema "vinginevyo", unajua mangapi? Nilipomtafsiria mwalimu, alikaa kimya kidogo kisha akasema kwamba haujui lolote. Kazi yake ni kupokea kila kilichobaki, na aliyeuandika ndiye apasaye kujua ni nani waliobaki. Tangu siku hiyo, ninaposoma fomu yoyote ya ofisi, macho yangu hukimbilia kwanza kwenye kisanduku cha mwisho, kile cha wasiotajwa.

Kijana alirekebisha mipaka: mwezi wa sifuri na siku ya sifuri vikaruhusiwa, na miezi iliyoongezwa 20 na 40 pia. Lakini hakuridhika. Alisema kwamba ikiwa yeye hakuzijua habari hizo, yaweza kuwa ziko nyingine ambazo hata mwalimu hazijui, na kwamba programu isiseme "si sahihi" kwa jambo ambalo ingefaa kusema "sijui". Akataka majibu matatu: sahihi, si sahihi, na haijathibitishwa, mwulize karani. Mwalimu alipinga. Nambari, alisema, ama inafuata kanuni ama haifuati. Elimu ya Boole ina kweli na uongo, haina chumba cha tatu. Alikuwa amesema haki kwa upande wake, ijapokuwa mwanamantiki wa Poland, Jan Łukasiewicz, alikwisha kukijenga chumba hicho mwaka 1920, akakipa thamani iliyo kati ya sifuri na moja. Na kwa bahati ya ajabu yeye pia alifia Ireland, kama Boole. Mimi nilikuwa upande wa kijana, na nilijizuia kwa shida nisiutie upande huo katika tafsiri yangu, kwani mkalimani akianza kutafsiri moyo wake kazi imekwisha.

Walibishana hata mlinzi akaja kuzima taa za ngazi. Mwisho mwalimu alimwachia aandike jawabu la tatu, kwa masharti mawili: kwamba hesabu ya 97 isilegezwe, nambari itakayoshindwa hesabu hiyo iitwe si sahihi bila huruma, na kwamba kila nambari itakayoangukia katika "haijathibitishwa" iandikwe pamoja na saa yake katika faili ya pembeni, na apatikane mtu, si programu, wa kuisoma faili hiyo kila Jumamosi. Mama wa Uvira alisema yeye ataisoma.